Rula Ndefu na Meli ya Subira

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki ya macho, nilimtambua Fundi Mkude kwa vidole kabla ya kumtambua kwa sura. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu na ukungu katika macho yote mawili, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatembea juu ya ubao, shubiri moja, shubiri ya pili, mpaka ukafika kwenye sketi yangu ukasimama. Morogoro nzima hakuna mtu mwingine anayepima benchi la hospitali akisubiri kuitwa. Nikamwambia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia marahaba, akauliza ni nani mwenzake. Nikasema ni Felista, wa violezo. Aligeuza uso ukutani, nikaanza kushuku kwamba amenisikia vizuri na anatafuta namna ya kuhama benchi. Kisha akasema, "Felista wa rula. Umezeeka?" Nikajibu kwamba nimezeeka. "Afadhali," akasema, na mkono wake ukarudi kwenye goti.

Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule wa meli ya Subira. Ni mwaka mmoja tu katika maisha yangu, na habari za wazazi wangu na shule nitaziacha kwa sababu hazina kosa lolote katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa violezo katika karakana ya kusubu vyuma, mwanamke peke yangu kati ya wanaume zaidi ya thelathini. Kiolezo ni umbo la mbao. Unalizika kwenye mchanga, unalitoa, na shimo linalobaki ndilo linalomiminiwa shaba iliyoyeyuka. Lakini shaba ikipoa husinyaa, kwa hiyo mbao lazima iwe kubwa kidogo kuliko kitu unachokitaka. Ili tusipige hesabu kila mara, tulikuwa na rula maalumu. Kwa macho ilikuwa rula kama rula nyingine, namba zake zilezile, ila kila sentimita ilikuwa imerefushwa unywele mmoja. Pale karakana tuliiita rula ndefu. Ukipima nayo, mbao inatoka kubwa na shaba inatoka sawa. Kila kiolezo kilichokamilika kiliandikwa chini herufi za jina la aliyekichonga na za msimamizi aliyekikagua, kwa penseli nyekundu. Hiyo ilikuwa desturi yetu: kitu kikitoka kibovu, unageuza mbao, unasoma, na kosa linakuwa na mwenyewe.

Mwaka ule ulikuwa wa kutazamana kwa jicho la pembeni. Karakana ilikuwa ya umma na tulikuwa tumeambiwa itauzwa, lakini kwa nani na lini hatukuambiwa. Watu wenye tai walikuja na futi za mkanda wakapima sakafu, wakaondoka bila kuaga. Ilisemekana kuna orodha ya watakaobaki, na kila aliyeitwa ofisini akatoka anatabasamu alihesabiwa kuwa ameuza wenzake. Nje ya geti alikuwa amehamia mtu mwenye mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu, wa kwanza kuonekana mtaa ule. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hana haraka. Wiki ya kwanza koki za bombani zilipotea. Wiki ya tatu kengele ya chakula ikapotea, ikabidi tugonge reli kwa nyundo. Mimi kwa asili ni mtu wa kushuku, huwa nahesabu chenji mara mbili hata nikipewa na sista wa misheni, lakini mwaka ule nilijiona mtu wa kawaida kabisa.

Ndipo akaja Mzee Haruna, fundi mitambo wa meli, kutoka Kigoma kwa treni, akiwa amekalia kasha la mbao. Ndani ya kasha mlikuwa na bushi la shaba lililolika upande mmoja, na vipande vingine vya shaba vya kuongezea. Bushi ni kipande cha mviringo chenye tundu katikati, kinachoshika shafti, yaani mtaimbo unaozungusha propela, isiyumbe. Bushi la Subira lilikuwa limekwisha, shafti ikawa inatikisa meli nzima mpaka vikombe vinadondoka jikoni. Meli ilikuwa imefungwa gatini. Wanunuzi wa chuma walikwishapanda wakaichora alama za rangi nyeupe mahali watakapoikata, na shirika lenye meli lilikuwa limetoa muda wa kufa na kupona: ikipita ukaguzi kabla ya masika, itaendelea kufanya kazi, isipopita, itauzwa kwa kilo. Vipuri vya Ulaya vilikuwa havinunuliki tena. Mzee Haruna aliyaeleza haya yote mbele ya meneja akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya kasha. Alipomaliza akauliza swali moja tu: "Usiku hii shaba inalala wapi, na ufunguo anao nani?"

Alipangiwa chumba mtaa wa Bigwa, kwa Mama Teodosia, nyumba ileile niliyopanga mimi. Kati ya chumba chake na changu ulikuwa ukuta wa tofali za kuchoma usiofika darini, kwa hiyo akikohoa upande wake mimi nilijua kama ni kikohozi cha vumbi au cha mawazo. Mama Teodosia alikuwa mjane mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba, maji yakishuka kutoka milima ya Uluguru kwa mfereji mpaka kwenye matuta yake, na alitulisha wapangaji kama alivyolisha kuku wake: wote pamoja, kwa saa yake, bila kuuliza nani anapenda nini. Asubuhi magimbi na chai ya rangi. Jioni ugali, mchicha au maharage. Mzee Haruna alikuwa amekuja na gunia dogo la dagaa wa Kigoma, wale weupe wasiohitaji kuoshwa mchanga, na alikuwa anampimia Mama Teodosia kikombe kimoja kila jioni kisha anafunga gunia kwa fundo ambalo sijapata kuliona tena. "Ananifungia dagaa mimi, kama paka," Mama Teodosia alininong'oneza jikoni. Lakini aliwakaanga vizuri, kwa nyanya na bilinganya, na aliwala mwenyewe kuliko wote.

Ilikuwa juu ya sahani hiyo tulipoifahamu meli. Mzee Haruna alipokuwa haongelei wezi alikuwa msimuliaji mtamu. Alisema Subira ililetwa nchini vipandevipande, enzi za wakoloni, kila kipande na namba yake, na kwamba vipande vile vilipita hapahapa Morogoro kwa reli kabla meli haijagusa maji. "Iliwaona nyinyi kabla haijaliona ziwa," akasema, na Mama Teodosia akajipangusa mikono kana kwamba mgeni yuko mlangoni. Ilibeba saruji, mahindi, mawese kwenye mapipa, chumvi, mbuzi, na mara moja kengele ya kanisa iliyokuwa ikilia yenyewe kila wimbi likipiga, manahodha wakadhani kuna mtu amekufa. Kuna vijiji kando ya ziwa ambavyo havina barabara, alisema. Huko meli isipofika, sabuni haifiki, wala dawa haifiki. Alikuwa ameingia chumba cha mitambo akiwa kijana wa kupaka grisi, na sasa alikuwa na mvi mpaka masikioni. Niliona machoni mwake kwamba mtu huyu ataifia ile meli. Na badala ya kumpenda kwa hilo, nilijiuliza ni nani anamtuma.

Kwa maana alikuwa hatoki mgongoni kwangu. Kutwa nzima alikaa kwenye kigoda karibu na benchi langu, na kila nilipochonga aliinama kutazama. Siku ya tatu aliniuliza, "Binti, hiyo rula yako ni ya wapi?" Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kujifunza, au ndivyo nilivyosikia. Kulikuwa na wanaume watano kwenye mabenchi ya jirani na wote waliacha kuchonga kusikia mwanamke atajibu nini. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili. Ningeweza kumwambia, mzee, shaba husinyaa, tazama. Lakini nilidhani ananitega, apate la kumpelekea meneja, kwamba mmempa kazi ya meli msichana. Nikajibu, "Ya dukani, mzee. Kwani za kwenu zinaota mtini?" Wanaume wakacheka. Mzee Haruna hakucheka. Alirudi kwenye kigoda chake, akachomoa rula yake ya kukunja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Jioni ile, nikiwa chumbani napiga pasi, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akizungumza na Mama Teodosia mlangoni kwake. "Nimezilaza sambamba alipotoka kwenda kunawa," alisema. "Rula yake ni ya uongo, mama. Kila kipimo inaongeza. Wanachonga kubwa ili shaba yangu iende nyingi, halafu ile chenga inayobaki kwenye mashine ya kukereza wampelekee yule wa mizani. Nimeishi na wezi wa dizeli miaka thelathini, namjua mwizi akiwa bado anafikiria." Mama Teodosia akasema, "Felista? Yule huiba nini, anahesabu hata maharage." Nilisimama na pasi mkononi mpaka ikaanza kuunguza gauni. Neno mwizi lilinichoma kuliko makaa. Ukuta ule haukufika darini, ningeweza kumjibu nikiwa palepale nilipo. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilijisemea, acha aendelee kutushuku, siku shaba ikitoka sawasawa ndipo nitakapomwona uso wake.

Kiolezo nilikikamilisha siku ya Jumatano, nusu mbili za mbao ya mkangazi, nikaandika herufi zangu chini. Fundi Mkude alikikagua kwa rula ndefu, taratibu kama anavyokagua mtu mchele, akaandika za kwake kando ya zangu. Nilimwogopa kidogo Fundi Mkude. Alikuwa msimamizi asiyesifu, mtu wa milimani Mgeta, aliyeongea Kiswahili kwa lafudhi ya Kiluguru na kwa uchache. Saa ya chakula wote tulikwenda kwa mama ntilie nje ya geti, isipokuwa Mzee Haruna, ambaye alibaki ndani kulinda shaba yake, akila magimbi kwenye karatasi. Siku ile na kesho yake nilimwona Fundi Mkude amechuchumaa kando ya mtu wa mizani, vichwa vyao vimekaribiana, wakiongea kwa Kiluguru na kunyamaza mtu akipita. Nililiweka hilo moyoni. Na Ijumaa asubuhi, nilipokwenda kukabidhi kiolezo kwa watu wa mchanga, nilisikia harufu ya vanishi mbichi. Mimi vanishi yangu ilikuwa imekauka tangu juzi yake. Nilisimama, nikakinusa, nikafikiri, Mkude amegusa kazi yangu. Sikukipima. Nilifikiri ameongeza mkono wa pili wa vanishi ili aseme kazi ni yake. Hiyo ndiyo faida ya kushuku sana: ukishapata mtu wa kumshuku, hupimi tena.

Wakamimina saa nne. Mzee Haruna aliiona shaba yake ikiingia mchangani, midomo ikichezacheza kwa dua. Tuliifukua Jumamosi, ikaoshwa, ikafungwa kwenye mashine ya kukereza, na kisu kilipopita mara ya tatu yule fundi wa mashine akazima. Bushi lilikuwa dogo. Kisu kilifika kwenye kipimo huku mahali pawili pakiwa bado peusi, pa mchanga, hapajaguswa. Kisha Mzee Haruna akapiga kelele ambayo sitaki kuiandika, akisema tumemwibia, tumeiua meli, na meneja akashuka ngazi akiwa na kalamu bado mkononi.

Meneja alifanya tulichofanya siku zote: aligeuza kiolezo. Chini yake palikuwa na herufi za Fundi Mkude tu. Za kwangu hazikuwapo. Mahali pake mbao ilikuwa imesuguliwa kwa msasa, nyeupe, mbichi. Meneja akauliza nani aliyechonga. Fundi Mkude akasema, "Kazi hii ni yangu. Nimeandika." Akaulizwa imekuwaje. Akasema hajui, na hakuongeza. Nilimtazama nikaona mtu mwenye hatia. Nilijiambia, ndiye huyo, alikivuruga kiolezo changu, akalifuta jina langu ili nisije nikasema, amehongwa na wanunuzi wa chuma. Nilipoitwa ofisini nilisema yote. Nilisema nimemwona siku mbili kwa mtu wa mizani. Nilisema vanishi ilikuwa mbichi. Nilisema kwa sauti, nikiwa nimesimama wima, na nakumbuka kwamba nilijisikia vizuri.

Akasimamishwa kazi siku ileile. Aliondoka na mkoba wake wa vifaa, akapita mbele ya benchi langu bila kunitazama, nami nikauchukua huo kuwa ushahidi mwingine. Ndipo, karakana ilipokuwa tupu, nikakichukua kiolezo na kukipima kwa rula ndefu ili nijue alipunguza kiasi gani. Namba hazikulingana na mchoro popote. Nikajaribu tena. Kisha, sijui kwa nini, nikachukua rula ya kawaida, ya dukani kweli. Ilikuwa sawasawa. Kila upande, mduara, urefu, mpaka nyongeza ndogo ya kukereza, sawasawa na mchoro kwa rula ya kawaida, kazi safi ya msasa na subira. Nikakaa chini. Mtu anayetaka kuharibu hupunguza ovyo. Huyu hakutaka kuharibu. Huyu alikuwa anasahihisha. Na Fundi Mkude, ambaye alijua kusinyaa kwa shaba kuliko alivyojua sala zake, asingeweza kusahihisha namna hiyo hata angelewa. Aliyefanya hivi alikuwa mtu mwaminifu asiyewahi kuona shaba ikisubiwa. Ni mtu ambaye maisha yake yote vipuri vilimfikia ndani ya kasha, tayari, na ambaye saa ya chakula alibaki peke yake na magimbi yake.

Jumapili, baada ya misa, Mama Teodosia alitandika mkeka barazani akatuwekea ugali, dagaa na mchicha, akarudi jikoni. Mzee Haruna alikuwa hali. Tangu jana alikuwa hali. Nililaza rula mbili juu ya mkeka kati yetu, ya kwangu na ya kawaida, nikazisawazisha mwanzo. Mwisho hazikulingana. Akasema kwa uchungu, "Unaniletea ushahidi wako mwenyewe?" Nikamwambia, "Mzee, shaba ikipoa husinyaa." Nikamweleza yote, polepole, zile dakika mbili nilizokuwa nimemnyima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sahani, akanawa, ingawa hakuwa amekula. "Nilikipunguza kwa msasa siku mbili," akasema. "Nikapaka vanishi ya kwenu. Binti yangu, nimeiua Subira kwa mkono huu." Akalia bila kujificha, mtu mzima yule, na dagaa wakapoa.

Kisha akainuka aende kwa meneja, Jumapili ileile, akaseme. Na mimi nikamzuia. Hili ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilimshika kanzu. Nilimwambia kosa likiwa la karakana, karakana inarudia kazi bure, shaba ipo, tunaiyeyusha tena wiki hii. Kosa likiwa la mteja, mteja analipia upya, na shirika lako haliwezi kulipia tena hata kama lingetaka, na masika inakuja. Akasema, "Na yule fundi?" Nikasema, "Fundi atarudishwa tu, ni mtu wa zamani." Nilisema hivyo bila kuwa na sababu yoyote ya kuamini. Nilijiambia ni kwa ajili ya meli. Miaka mingi nimejiambia hivyo. Lakini ukweli ni kwamba kumrudisha Mkude kungenilazimu niingie ofisi ileile, nisimame palepale, niyameze maneno yangu mbele ya watu walewale, na nilikuwa na miaka ishirini na minne na orodha ilikuwa inaandikwa.

Nikachonga kiolezo cha pili, Mzee Haruna kando yangu, safari hii anashika rula ndefu kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani. Bushi la pili lilitoka zuri. Alilisindikiza mwenyewe stesheni, akapanda nalo treni, na gunia la dagaa lililobaki akamwachia Mama Teodosia bila fundo. Fundi Mkude hakurudishwa. Orodha ilipotoka jina lake lilikuwa la kwanza kati ya waliopunguzwa, na langu lilikuwa kati ya waliobaki. Kutoka Kigoma nilipata barua moja: Subira imepita ukaguzi, imekwenda na saruji mpaka kusini na kurudi, vikombe havidondoki. Chini aliandika, "Yule fundi amerudi?" Sikuijibu. Mzee Haruna amefariki siku nyingi. Meli ilifanya kazi baada yake mpaka ikachoka kwa haki, na juzijuzi mpwa wangu anayefanya kazi huko alinitumia picha kwenye simu. Hawakuikata. Wameivuta nchi kavu, wameipaka rangi, watoto wa shule wanapanda ngazi kuitazama, na ndani yake kuna meza yenye vitu vyake vya zamani. Kimoja ni bushi la shaba, na kikaratasi kimeandikwa kwamba lilitengenezwa Morogoro. Basi. Hakuna jina.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani kwenye benchi la kliniki, na foleni haikusogea. Nikampa simu. Nikamwambia ni Subira, na lile ni bushi la pili. Akaisogeza mpaka ikagusa pua. "Sioni," akasema. "Lilitoka?" Nikasema lilitoka sawasawa. "Mimi niliondoka kabla hamjamimina la pili," akasema. "Sikupata wa kumuuliza." Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia la kwanza halikupunguzwa na yeye, na mimi najua, na nimejua tangu jioni ileile. Nikamtajia Mzee Haruna, magimbi, msasa, rula mbili mkekani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole gumba kikipanda na kushuka juu ya kioo cha simu.

"Yule mzee wa meli?" akasema mwishoni.

"Yuleyule."

"Mimi nilidhani ni wewe." Alisema polepole, kama anayerudia hesabu. "Nilikipima kabla meneja hajashuka, nyinyi mmeizunguka mashine, nikaona ni kipimo cha rula ya kawaida. Nikasema, huyu binti alikosea rula, akaja akarekebisha baada ya mimi kukagua, akaogopa kusema. Mwaka ule wangekufukuza kabla ya chai. Ndiyo maana nilisugua jina lako." Akatikisa kichwa. "Basi miaka yote hii nilikuwa namsamehe mtu asiye na kosa."

Nikamwambia kosa ninalo, ila ni jingine. Nikaanza kueleza habari za ofisini, mtu wa mizani na vanishi.

"Mtu wa mizani alikuwa shemeji yangu," akasema Fundi Mkude. "Nilikuwa namdai baiskeli yangu aliyoazima. Na hayo mengine usinisimulie. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikayasikia yote." Akageuza uso wake wenye ukungu upande niliko. "Hilo sijalisamehe. Nilikuwa bado nashughulika na lile la kwanza."

Muuguzi akatokea mlangoni akaita, "Mkude!" Akainuka, akapapasa ukuta, akaelekea ndani na simu yangu mkononi, akiwa ameibana kifuani. Mimi sijawahi kumwachia mtu simu yangu, hata padri. Nilikaa palepale. Namba yangu ilipoitwa nikamwambia muuguzi amchukue anayefuata, kwa sababu namsubiri mtu.